Unyumba baada ya miaka hamsini: mwongozo kwa wenza waliojiambia "tushazeeka"

Mume ana miaka 63, mke 57. Wanaishi nyumba moja, wanalala vyumba viwili. Ukimuuliza mke ilianza lini, atakwambia ni pale mjukuu wa kwanza alipoletwa likizo, akawa anaogopa kulala peke yake, naye bibi akahamia chumba cha watoto. Mjukuu huyo sasa yuko kidato cha pili, na bibi hajarudi. Hawakugombana, hakuna aliyeugua, na kila mmoja ukimhoji peke yake anasema mwenzake ndiye aliyechoka.

Katika kliniki ya kisukari na presha ninakofanya kazi ya uuguzi, habari za namna hii nazisikia sana, na mara nyingi zinasemwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshachukua kadi yake na ameshika kitasa: "Sista, kuna kajambo kengine kadogo." Kajambo chenyewe si kadogo hata kidogo. Mwongozo huu nimeuandika kwa wanandoa wa miaka hamsini na kuendelea ambao bado wanapendana, au wangependa kupendana tena. Naamini wengi wao wametengana kitandani kwa sababu ya wanavyoufikiria umri, kabla mwili haujawakatalia chochote. Ndiyo maana hatua za mwanzo zinahusu fikra, na dawa zinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: yasikilizeni mnayojisemea

Kwa wiki moja kila mmoja ajisikilize mwenyewe anavyouzungumzia umri wake. "Mimi sasa ni bibi wa watu." "Hayo tumewaachia vijana." "Mtu mzima naye anataka nini?" "Watoto wakisikia watatuonaje?" Yaandikeni kwenye daftari au kwenye simu. Kisha kwa kila sentensi jiulizeni imetoka wapi. Wengi wanagundua kwamba hawakuwahi kuamua wenyewe. Shangazi alisema siku ya harusi ya binti, au marafiki walicheka kwenye kikoba, au kijana wa nyumbani alitamka "wazee nanyi!" alipowakuta wameshikana mikono, nao wakaachiana.

Angalieni pia jinsi jamii yetu inavyogawa. Mwanamume anaambiwa "ng'ombe hazeeki maini", kwa kicheko, kwenye bao au kwenye kahawa, na maana yake anatarajiwa akatafute binti mdogo aonyeshe kwamba bado yumo. Mwanamke hana msemo wake. Yeye anatarajiwa ajifunge kanga vizuri, alee wajukuu, na akijipulizia manukato aulizwe anakwenda wapi. Wote wawili wanapoteza. Mume anabeba mzigo wa kuonyesha ujana alionao na asionao, mke anabeba aibu ya kutaka kitu anachokitaka, na hakuna anayebaki chumbani na mwenzake jinsi walivyo leo.

Fikra hizi zina uzito kuliko tunavyodhani. Mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha mwaka 2002 matokeo ya watu 660 wa mji wa Oxford, Ohio, huko Marekani, ambao walihojiwa wakiwa na miaka 50 au zaidi kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi kwa wastani miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Watafiti wengine, walipofuatilia Wamarekani wa makamo kwa miaka kumi hivi, waliona kwamba waliojihisi wazee kuliko miaka yao walizidi kupoteza raha ya tendo la ndoa kadiri muda ulivyokwenda.

Na kama mnadhani mko peke yenu, tazameni haya. Mwaka 2007 ulitoka uchunguzi wa Wamarekani 3,005 wa miaka 57 hadi 85. Katika kundi la miaka 65 hadi 74, asilimia 53 walikuwa wamekutana kimwili na mtu katika mwaka uliopita. Katika kundi la 75 hadi 85 walikuwa asilimia 26, na zaidi ya nusu ya hao walikutana angalau mara mbili au tatu kwa mwezi. Ni Wamarekani, sawa, lakini mwili wa binadamu ni mmoja, na kwetu ni nadra mtu kuwauliza wazee.

Waumini wanaoniambia kwamba mambo haya hayawafai wenye mvi huwa nawakumbusha Sara, mke wa Ibrahimu. Alipoambiwa atapata mtoto, alicheka moyoni, na alichojiuliza kwanza ni kama yeye mkongwe, na bwana wake mzee, wataweza kuipata furaha hiyo. Swali lake ndilo lenu, na jibu alilopewa halikuwa la kumkemea kwa kuitamani.

Hatua ya pili: tenganisheni umri na ugonjwa

Umri una kazi yake, na ni vizuri kuijua ili msishtuke. Kwa mwanamume, uume unachukua muda zaidi kusimama, na kumtazama mke tu hakutoshi tena, anahitaji kushikwa. Unaweza usiwe mgumu kama wa kijana na bado ukafaa. Akishamaliza, inaweza kupita siku nzima au zaidi kabla hajawa tayari tena. Wakati mwingine watakutana asifike kileleni, na hakuna kilichoharibika.

Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka. Ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba na kavu, ute unachelewa, na mkiendelea na haraka ya zamani anaumia. Hapo ndipo ndoa nyingi zinapoteleza: mara ya kwanza mke anaumia na kunyamaza, ya pili anajikaza, ya tatu anasingizia kichwa, ya nne anahamia kwa wajukuu. Mume anahesabu kwamba amekataliwa, kumbe kilichohitajika ni muda zaidi na kilainishi cha duka la dawa. Hamu ya mwanamke haikomi na hedhi. Wapo ambao inaongezeka, maana hofu ya mimba imeondoka. (Hofu hiyo isiondolewe mapema: aliyevuka hamsini asubiri miezi 12 mfululizo bila hedhi kabla ya kuacha uzazi wa mpango, na ambaye hajafika hamsini asubiri miaka miwili.)

Sasa yale ambayo watu huyaita uzee na si uzee. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, na nguvu za kiume ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuguswa. Presha na sigara hufanya vivyo hivyo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mafuta yakianza kuziba mishipa mwilini, huko chini ndiko kunakoonekana kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Mzee anayesema "ni umri tu" na kukaa nyumbani anaweza kuwa anaficha ugonjwa wa moyo bila kujua. Zipo pia dawa zinazopunguza hamu au nguvu: baadhi ya dawa za presha, hasa zile zinazokufanya ukojoe sana, baadhi ya dawa za tezi dume, na nyingi za sonona. Sonona yenyewe, ile huzuni ndefu inayomkuta mtu baada ya kustaafu au baada ya kuzika mtoto, humaliza hamu kuliko miaka.

Kanuni yangu ya kuzitofautisha ni hii: kilichopungua polepole kwa miaka mingi huenda ni umri, kilichobadilika ndani ya wiki au miezi michache kitafutiwe sababu hospitali. Lakini nguvu za kiume zinazopungua polepole nazo zipimwe, maana kisukari na mishipa inayoziba huja polepole vilevile.

Hatua ya tatu: zungumzeni, kabla mtaa haujawatafsiria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona maumivu mengi yasiyokuwa na sababu.

Mwanamume wa miaka sitini akinyamaza kitandani, mtaani kuna tafsiri moja tu: ana nyumba ndogo. Tuseme mzee ana sukari ya miaka minane. Amejaribu mara mbili, mwili haukuitika. Haambii mtu. Anaanza kuchelewa kijiweni mpaka saa nne usiku, akirudi anakaa mbele ya taarifa ya habari mpaka asikie mke amekoroma, na akiona dalili kwamba usiku huo anasubiriwa, anaanzisha ugomvi wa chumvi kwenye mboga. Mke anainusa kola ya shati, anapekua simu, anampigia dada yake analia. Dada anamwambia, "Mwenzangu, hao ndivyo walivyo." Wakati huohuo mzee amenunua kipakiti cha vumbi la Kongo, poda inayouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, kwa kijana wa stendi, anakilamba chooni, na moyo unamwenda mbio usiku kucha. Watu wawili wanaopendana, kila mmoja amejifungia na fedheha yake. Mke naye ana siri, maana mara ya mwisho aliumia, na amejiambia kwamba ameshakauka, hafai tena.

Namna ya kuanza:

Chagueni mahali ambapo si kitandani, na wakati ambao si mara baada ya kushindwa. Barazani baada ya chakula cha usiku watoto wakiwa wamelala panafaa. Njiani kutoka shamba panafaa zaidi, kwa sababu watu wanaotembea hawalazimiki kutazamana usoni.

Anza na hali yako, usianze na kosa la mwenzako. "Mbona siku hizi hunitaki?" ni shtaka, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. Mazungumzo niliyoona yanafungua mlango yanafanana na haya:

"Mzee wangu, nimekukumbuka. Sikudai kitu. Nakumbuka tu tulivyokuwa tukilala tunaongea mpaka usiku wa manane."

"Hata mimi, mama. Ila mwili siku hizi hauniitikii, naogopa utaniona si mwanamume."

"Na mimi huwa inaniuma, nikawa naona aibu kukwambia."

Baada ya hapo ulizaneni mambo matatu tu kwa siku hiyo: bado unapenda nini, unaogopa nini, na ungependa tuanzie wapi. Msimalize yote kwa mkao mmoja.

Kwa watu wa Pwani, ishara zina nafasi yake. Mke akifukiza udi, akitandika shuka safi na kutia asumini kwenye mto, mume aliyelelewa huku anajua ameambiwa nini. Ishara nzuri ziendelee. Lakini udi hauwezi kumweleza mtu kwamba unaumia, au kwamba dawa mpya ya presha imekuharibia. Hayo yasemwe kwa kinywa. Ikishindikana kabisa mtafuteni mtu mmoja wa kati: somo yake mke, msimamizi wenu wa ndoa, sheikh au mchungaji mnayejua hana mdomo. Watoto wenu wasiwemo.

Hatua ya nne: kirudisheni chumba chenu

Rudini kitanda kimoja hata kama hamtafanya lolote. Kama mmoja anakoroma sana, au anaamka mara nyingi kukojoa, laleni pamoja saa ya kwanza ndipo mmoja ahamie kwingine, au kutaneni alfajiri. Wajukuu wawe na sehemu yao ya kulala. Anayeogopa giza awashiwe taa ndogo, alale na dada yake. Wekeni komeo mlangoni kwa ndani. Nimekuta nyumba nzuri, vigae, madirisha ya alumini, na mlango wa wazee hauna hata ndoano, kila mtu anaingia kuchukua chaja.

Halafu lipo hili ambalo wengi hawalisemi. Watoto wetu wanatutenganisha kwa nia njema. Binti amejifungua Dar es Salaam, mama anaitwa akamsaidie kulea. Mwezi unakuwa mitatu, mitatu inakuwa mwaka, baba amebaki Tanga au Moshi anapikiwa na kijana wa kazi. Kwa walio na watoto Ulaya na Marekani, bibi anakaa mpaka viza imuishie, kisha anaitwa tena kwa mjukuu wa pili. Kulea mjukuu ni heri kubwa, nami sisemi msiende. Nasema tarehe ya kurudi ijulikane kabla begi halijafungwa, baba naye aalikwe kama inawezekana, na usiku mpigiane simu mkiwa wawili, si ile ya video ambayo familia nzima imejazana kwenye kioo.

Hatua ya tano: anzeni na mikono

Kama hamjakutana kwa muda mrefu, msikimbilie tendo lenyewe. Wekeni makubaliano kwamba kwa wiki mbili au tatu hakuna kuingiliana, hata mkitamani. Njia hii waliiweka kwenye maandishi watafiti wa tendo la ndoa Masters na Johnson wa Marekani mwaka 1970, na washauri wa ndoa wanaitumia mpaka leo, kwa sababu inaondoa hofu ya kushindwa. Mtu asiyetakiwa kufanya mtihani hawezi kufeli.

Wiki ya kwanza, jioni mbili au tatu, mmoja alale na mwenzake amguse kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha mbadilishane. Mgongo, mabega, mikono, kichwa, miguu. Sehemu za siri na matiti viachwe. Anayeguswa anasema tu "hapo pazuri", "taratibu", "hapo hapana". Mafuta ya nazi yanafaa sana kwa kukanda. Kwa waliozoea singo na liwa, hii ndiyo kazi yake, na si lazima aliyesingwa awe bibi harusi.

Miguu naipenda kuliko vyote. Mke anachota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, anayapima kwa kiwiko chake mwenyewe, kwa sababu mume mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza asihisi joto mpaka ameungua. Anamuosha taratibu, anamkausha katikati ya vidole kimoja kimoja, anatazama kama kuna mpasuko au kidonda, kisha anampaka mafuta juu na kisiginoni, siyo katikati ya vidole kwa maana pakibaki na unyevu panaoza. Siku inayofuata mume anamfanyia mke hivyohivyo. Nimesikia mzee mmoja akisema hakuwahi kujua mke wake ana kovu kwenye kifundo cha mguu, na walioana kabla ya Azimio la Arusha kutimiza miaka kumi.

Wiki ya pili ongezeni sehemu zote, bado bila lengo la kufika popote. Wiki ya tatu muone wenyewe.

Katika siku hizi mwili utaonekana ulivyo: tumbo la watoto sita, kovu la upasuaji, kifua kilicholegea, mvi mpaka zisikotarajiwa. Mtu asifanye utani wa mwili wa mwenzake, hata ule mliozoea. Taa ikiwasumbua ipunguzeni, msiizime yote. Na mkiona kizuri kisemeni kwa sauti. Mwanamke wa miaka sitini aliyesikia "bado unanukia kama zamani" hulibeba neno hilo wiki nzima.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Muda bora kwa wengi ni asubuhi au baada ya kupumzika mchana, wala si usiku baada ya kazi na ugali mzito. Homoni za mwanamume ziko juu asubuhi, na viungo vya wote wawili havijachoka.

Mwenye magoti au kiuno kinachouma aoge maji ya moto, na kama ana dawa ya maumivu aliyoandikiwa ainywe nusu saa hadi saa moja kabla. Kulala ubavu, mke akiwa mbele, kunapunguza uzito kwa wote. Mto chini ya kiuno au katikati ya magoti husaidia. Nendeni msalani kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari ahakikishe amekula, kwa maana hiyo nayo ni kazi ya mwili.

Kilainishi ni cha lazima, kisionewe haya. Mkitumia kondomu, kiwe kile cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya nazi, Vaseline na losheni hupasua kondomu. Bila kondomu, mafuta safi ya nazi yanaweza kutumika. Sabuni zenye manukato, magadi, shabu na dawa za kubana viepukwe kabisa. Uke uliokwisha kuwa mwembamba unachubuka, na mlango wa maambukizi unafunguka.

Kuhusu moyo: anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana au pumzi kukatika, kwa kawaida anaweza tendo la ndoa. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi amuulize daktari kwanza, na aulize kwa maneno hayohayo. Maumivu ya kifua yakitokea katikati, acheni na mwende hospitali.

Na kama uume umelala, endeleeni. Mikono ipo, midomo ipo, mapaja yapo. Wenza wengi wanaoridhika uzeeni wamepanua maana ya kukutana, hawangoji kuingiliana ndipo wahesabu.

Hatua ya saba: kliniki

Katika ule uchunguzi wa 2007, karibu nusu ya waliokuwa bado wanakutana walikuwa na angalau tatizo moja linalowasumbua, lakini katika wote waliohojiwa, tangu wafikishe miaka 50 ni asilimia 38 tu ya wanaume na 22 ya wanawake waliowahi kuzungumza na daktari kuhusu tendo la ndoa. Msisubiri muulizwe. Mkikaa tu kwenye kiti semeni: "Daktari, nina shida ya tendo la ndoa, naomba tuizungumze leo." Bebeni dawa zote mnazotumia, pamoja na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Mume aombe kupimwa sukari, presha na mafuta ya damu. Kama dawa ya presha ndiyo chanzo, daktari ana nyingine za kubadilisha. Kuiacha mwenyewe ni kutafuta kiharusi.

Dawa za nguvu za kiume za hospitali, kama sildenafil iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, zinasaidia wengi. Hazileti hamu, na bila kushikwa hazifanyi kitu. Aliye na dawa za nitrati za moyo, hasa ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, asizitumie kabisa: presha inaweza kuanguka ghafla akafa. Uume ukisimama zaidi ya saa nne mfululizo, ni dharura.

Supu ya pweza, mihogo mibichi na karanga, au mukombero, mzizi wa kutafuna, kwa ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya, sina ugomvi navyo sana. Ni chakula, na sherehe yake ina raha. Ugomvi wangu ni na poda zisizo na jina. Mara nyingi duniani bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zimepimwa maabara zikakutwa na sildenafil ndani, kwa kipimo kisichojulikana. Mwenye moyo mgonjwa anailamba akidhani ni mizizi.

Mama naye aseme ukavu na maumivu. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kiasi kidogo tu, na inarudisha ngozi ndani ya wiki kadhaa. Aliyewahi kupata saratani ya matiti amwambie daktari kabla ya kuitumia. Anayevuja mkojo akikohoa afundishwe mazoezi ya kukaza nyonga. Na damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma, iwe tone, iwe imetoka mara moja, iwe baada ya tendo, ipimwe mapema. Inaweza kuwa saratani, na inayogunduliwa mapema inatibika.

Mmoja akiwa hataki

Wapo walioamua kwa dhati kwamba wamepumzika, na wana haki hiyo. Haki ya ndoa haimpi mtu ruhusa ya kumlazimisha mwenzake, awe na miaka ishirini au themanini. Lakini ulizeni kwa upole kama anayekataa amechoka na tendo, au amechoka na maumivu, au na ugomvi wa miaka kumi ambao haukuwahi kuombewa radhi. Mke anayesema "nenda kaoe mwingine, mimi niache" mara nyingi anasema kitu kingine kabisa, na mume mwenye busara atamuuliza ni kitu gani kabla hajaenda kuposa. Wakiafikiana kuacha, basi kulala pamoja, kushikana na kukandana visiachwe.

Kwa walioanza upya

Mjane na mgane wanaooana wapime VVU, kaswende na homa ya ini pamoja, kabla. Vituo vya umma hupima VVU bure. Ukomo wa hedhi unazuia mimba tu, na ukavu unafanya maambukizi yapite kwa urahisi zaidi. Aliye na VVU, anameza dawa kila siku na virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo naye ana nafasi yake ya kuoa au kuolewa bila kujificha.

Kwa watoto wao

Kama umesoma kwa ajili ya wazazi wako, mambo yako ni machache. Bisha hodi mlangoni kwao, usubiri kuitikiwa. Usimpeleke mtoto wako akalale nao kila likizo kwa sababu "babu na bibi wako peke yao". Ukimwita mama akakulelee, mwambie na baba. Baba yako mjane akisema anataka kuoa, muulize kuhusu afya na mirathi, usimuulize kama haoni aibu. Na ukipata hela ya kuwanunulia zawadi, acha seti ya makochi. Wanunulie godoro zuri la inchi nane, nene, lisilobonyea katikati, na neti mpya inayowatosha wawili.